Majani ya Kununua

Nilinunua majani.
Gunia moja la vipande, shilingi mia tano kila kipande,
nikalibeba kichwani kutoka stendi ya Kapchorwa
hadi Tegeres, na kila mlango niliopita ukanicheka.

"Kununua majani!" alisema Sokuton,
kidevu juu ya mpini wa jembe.
"Kesho atanunua upepo. Keshokutwa
atalipia kivuli chake."
Nikamjibu: habari za asubuhi.

Ng'ombe wangu ni mmoja tu, jina lake Karani,
kwa kuwa huwakagua wapita njia juu ya boriti ya banda
kama mtu anayewadai kodi.
Malisho ya bondeni yalikwisha kugawanywa:
shemeji huyu kapanda mahindi, yule kajenga duka la mabati,
nami nikaachiwa nusu ekari ya mteremko
na maneno yaliyosemwa kwa sauti ya chini,
lakini si chini ya kutosha:
hana mtoto, ardhi ya nini?

Basi nikapanda.
Pingili tatu kila kipande,
mbili zilale udongoni, moja ichungulie,
kipande kikiwa kimeinama
kama kalamu iliyochomekwa sikioni.
Hatua moja kati ya shimo na shimo.
Beleshi la samadi, na samadi ni ya Karani,
aliyetanguliza malipo bila kujua.

Siku ya sitini niliingia shambani na panga
na shamba likanimeza.
Ndani mlikuwa na kijani kitupu, na sauti
ya majani mapana yakisuguana.
Matete ya zamani yalinichora mikono yote miwili,
hata kanisani nilivaa mikono mirefu.
Haya hayakati. Haya hayawashi.
Nilikata, nikiacha kisiki cha upana wa kiganja,
na kabla sijamaliza mstari wa mwisho
ule wa kwanza ulikuwa umeanza kuchipua.

Januari mlima ulikauka.
Wanaume wakateremka Ngenge na mifugo yao,
wakarudi na mbavu zenye ngozi juu yake.
Mimi nilikata, nikakatakata, nikamwekea Karani horini.
Ndoo iliyokuwa ikitoa mlio wa bati mpaka mwisho
ikaanza kunyamaza mapema, imejaa povu.
Lita tisa. Niliandika ukutani kwa mkaa,
nisije nikadhani nimeota.

Machi, usiku wa mvua ya kwanza, mtu aliingia.
Nilikuta mashina kumi na moja yamekatwa vibaya, kwa haraka,
na nyayo za buti, la kushoto limepasuka kisigino.
Kijiji kizima kinalijua buti lile.

Nilizifuata nyayo.
Nyuma ya choo cha Sokuton kulikuwa na mistari miwili,
imenyooka, imefunikwa kwa uangalifu wa mwenye aibu,
na kila kipande kimepandwa kichwa chini,
macho yote yakitazama kuzimu.

Nilikuwa nimebeba maneno ya kutosha siku nzima.
Nikapiga magoti kwenye tope,
nikang'oa cha kwanza, nikakigeuza.
Nikang'oa cha pili.
Nikasikia mlango, kisha kikohozi, kisha kimya kirefu,
kisha magoti mengine yakitua topeni, upande wa pili wa mstari.
"Imelala hivi?" aliuliza.
"Inama zaidi," nikasema. Nilimaanisha kipande.

Majani haya ni chotara. Yule kijana aliyeniuzia aliniambia:
yatatoa maua, mama, lakini usiyangojee mbegu.
Hayana. Ndege hawawezi kuyabeba, upepo hauwezi kuyasambaza.
Huhama kwa mikono tu:
mikono inayonunua, inayogawa,
na ile inayokuja usiku.

Sasa yako kwa Sokuton. Yako nyuma ya shule.
Wiki iliyopita niliyaona Kaserem, ukingoni mwa barabara,
kwa watu nisiowajua hata majina,
nikasimama pale mpaka mvua ikanikuta.

Karani ameegemeza shingo juu ya boriti.
Anatazama mteremko, mmoja mmoja,
anahesabu.